Nani Alilipa Nauli ya Mahindi ya Ufipa? Maisha ya Amir Jamal

Kwetu Ufipa kuna swali moja ambalo kila mavuno linarudi: nauli ya gunia analipa nani? Sumbawanga iko juu ya uwanda, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na bonde la Rukwa upande wa pili, na kutoka pale mpaka bandarini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mahindi yanakubali. Maharage yanakubali, na ulezi ndio usiseme. Kinachotusumbua sisi si shamba, ni umbali. Mnunuzi akija na Fuso lake anaanza kupiga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo: bei ya sokoni mjini, toa mafuta, toa ushuru, toa gharama za wapakiaji, toa faida yake, na kinachobaki hapo ndicho chako wewe uliyelima.

Kuna kipindi ambacho hesabu hiyo haikupigwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilisema bei ya mahindi itakuwa moja nchi nzima. Mkulima wa Laela na mkulima wa Morogoro, kilo ni kilo. Wazee wetu wanakikumbuka kipindi hicho, na jina wanalolitaja ni la Mwalimu Nyerere. Sawa, ni haki yake. Lakini Mwalimu hakuwa na mti unaozaa noti. Ahadi ikishatoka Ikulu lazima kuna mtu anakaa mezani kutafuta fedha za kuitimiza, na kwa sehemu kubwa ya miaka ile mtu huyo alikuwa Amir Habib Jamal, aliyekuwa Waziri wa Fedha kwa vipindi vitatu vinavyofika jumla ya miaka kama kumi na miwili. Huku kwetu chuoni jina lake hupita kwenye semina kwa sentensi moja, tena kama limebahatika. Ndiyo maana nimeamua kumwandika.

Jamal alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya Kiismailia yenye asili ya Gujarati, wale Wahindi ambao maduka yao yalifika karibu kila mji wa Tanganyika. Utoto wake ulikuwa wa Mwanza. Kwa masomo ya juu alipelekwa India, Chuo Kikuu cha Calcutta, akasoma biashara na uchumi. Zingatia miaka yenyewe: alikuwa kijana India katika miaka ya 1940, wakati nchi ile inawasukuma Waingereza watoke. Aliporudi aliingia kwenye biashara ya familia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafahamiana na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa amerudi kutoka Edinburgh. Urafiki wao haukukatika tena.

Hapa pana jambo linalonishangaza kila nikilisoma. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 uanachama wake ulikuwa wa Waafrika peke yao. Jamal aliifanyia kazi, akaitetea mbele ya Wahindi wenzake ambao wengi walikuwa na hofu, lakini kadi hakuwa nayo na hakuweza kuwa nayo. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote baada ya uhuru. Yaani huyu bwana alikuwa waziri wa nchi kabla hajawa mwanachama wa chama chenyewe.

Na uwaziri aliupata mapema. Serikali ya kikoloni iliweka ule uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambapo mpiga kura mmoja alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wengi ndani ya TANU walitaka kuususia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua washiriki, na chama kikawaunga mkono Wahindi na Wazungu waliokubali msimamo wake. Jamal akapita. Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa waliingizwa kwenye baraza la mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Derek Bryceson na yeye. Nyerere mwenyewe aliingia serikalini Septemba 1960 akiwa Waziri Kiongozi. Kwa hiyo mtu akikwambia Jamal alibebwa na urafiki, mwambie alitangulia kukaa kwenye kiti.

Baada ya hapo alishika mawasiliano, umeme na ujenzi, nitayapita haraka. Twende 1965.

Mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, na Waziri wa Fedha aliyekuwepo, Paul Bomani, alipoteza kiti chake cha ubunge. Jamal naye aligombea Morogoro, jimbo ambalo wapiga kura wake walikuwa Waafrika kwa wingi mkubwa, na akashinda vizuri. Nyerere akampa Hazina. Ni uamuzi mzito ukiufikiria: nchi ina miaka minne tangu uhuru, watu bado wana uchungu na duka la Mhindi, na funguo za kasha unampa Mhindi. Oktoba 1961, hata bendera haijapandishwa, Bunge lilikuwa limegombana vikali kuhusu nani awe raia, baadhi ya wabunge wakitaka uraia uwe wa ngozi, mpaka Nyerere akatishia kujiuzulu na serikali yake yote. Jamal alikuwemo ndani ya serikali hiyo, akisikiliza watu wanajadili kama yeye ni mwenzao.

Kazi ya kwanza iliyomkuta Hazina ilikuwa benki kuu. Mpaka wakati huo Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha tangu 1919. Bodi ile haikuwa benki kuu. Ilifanya kazi kama duka la kubadilishia: leta pauni, chukua shilingi, rudisha shilingi, chukua pauni. Kiasi cha fedha mtaani kilifuata pauni zilizoingia, basi. Serikali haikuweza kuamua kwamba mwaka huu wakulima wakopeshwe zaidi wakati wa mavuno. Juni 1965 nchi tatu zilitangaza kuachana, kila moja na sarafu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipita Bungeni Desemba 1965, na tarehe 14 Juni 1966 benki ikafunguliwa, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, aliyetoka kuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Jamal waziri, Mtei gavana. Wawili hawa tutakutana nao tena, na safari hiyo hawatakuwa upande mmoja.

Kwa mtu wa Ufipa benki kuu maana yake nini? Nitaeleza kama ninavyoielewa mimi. Mavuno yetu yanakuja kwa mkupuo, kuanzia Mei na Juni. Ndani ya miezi michache anatakiwa mtu mwenye fedha taslimu nyingi za kununua mahindi ya nchi nzima, ambayo atayauza pole pole mpaka mwaka unaofuata. Fedha hizo hakuna anayekuwa nazo mfukoni, zinakopwa benki. Benki nayo ikipungukiwa inakimbilia benki kuu. Bila mnyororo huo gunia linabaki ghalani na panya. Mnyororo huohuo, ukiuvuta kupita kiasi, ndio unaoiua shilingi. Uchumi wote wa maisha ya Jamal uko hapo.

Kisha likaja Azimio la Arusha. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, kesho yake mabenki ya binafsi yakataifishwa, na kabla ya wiki kwisha zikafuata bima, makampuni makubwa ya biashara ya nje na vinu vya kusaga nafaka. Tusiruke hapo kwenye vinu, kwa sababu ndivyo vilivyozaa Shirika la Usagaji la Taifa, lile NMC ambalo wazee Sumbawanga bado wanalitaja kama vile lipo. Mabenki ya Kiingereza yaliwaondoa mameneja wao haraka, wakiamini mambo yatakwama ndani ya siku chache. Hayakukwama. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ilisimama chini ya Amon Nsekela, mtu wa Rungwe, ikiendeshwa na makarani na wahasibu ambao wengi hawakuwahi kupewa madaraka makubwa. Jamal ndiye aliyebeba mazungumzo ya fidia na wenye mabenki. Kazi ya namna hiyo haina shangwe. Ni barua, hesabu, na vikao vya kuchosha na watu ambao wangependa ushindwe.

Novemba mwaka huohuo Uingereza ilishusha thamani ya pauni kwa zaidi ya asilimia 14. Mtu angetegemea makoloni ya zamani yafuate, kama desturi ilivyokuwa. Tanzania haikufuata, wala Kenya na Uganda. Shilingi ilibaki pale pale, 7.14 kwa dola moja. Kwa vijana wa leo hiyo namba inasikika kama hadithi ya sungura.

Miaka ya mwanzo ya Jamal Hazina ilikwenda vizuri kuliko tunavyoambiwa. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwepo, bei hazikupanda kwa kasi, mishahara ililipwa. Akiwa waziri ndipo mkataba wa mwisho wa mkopo wa reli ya TAZARA ulipotiwa saini Beijing, Julai 1970: mkopo wa Wachina usio na riba, na gharama za ndani zikilipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa 1976. Inapita Tunduma. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga zinabaki zaidi ya kilomita 200, ambazo wakati huo zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Reli ya Uhuru ilitukaribia, ikatupungia mkono, ikaingia Zambia.

Halafu Aprili 1971. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wamiliki wake walikuwa Wahindi kwa sehemu kubwa kabisa. Zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Kwa familia nyingi nyumba ile ndiyo ilikuwa benki yao, pensheni yao na mahari ya mabinti. Wengi walifungasha wakaenda Kanada na Uingereza. Waziri wa Fedha alikuwa mmoja wao kwa damu na kwa dini. Jamal hakujiuzulu, hakujitenga na serikali, akaendelea na kazi. Nimejaribu kumweka rafiki yangu yeyote kwenye nafasi ile, mtu anayekutana na shangazi zake siku ya sala, nikashindwa. Kuna watakaosema hiyo ni imani, wengine watasema ni ukaidi. Mimi nadhani aliamini kwa dhati kwamba Mhindi wa Tanzania atakuwa salama siku atakapoacha kuwa mwenye nyumba wa watu wengine. Kama aliamini hivyo, historia ilimjibu vibaya, maana watu wake waliondoka kwa maelfu. Yeye alibaki.

Mwaka 1972 alihamishiwa Viwanda na Biashara, akarudi Hazina 1975. Kati ya hapo dunia ilipinduka: mafuta yalipanda bei kwa mara kadhaa baada ya Oktoba 1973, mvua zikakataa misimu miwili mfululizo, na serikali ikatumia akiba yake ya fedha za kigeni kununua nafaka ng'ambo ili watu wasife njaa. Ndipo sera ya bei moja nchi nzima ilipokuja, na mbolea ya ruzuku, na kampeni za kilimo. Mkoa wa Rukwa nao ulizaliwa wakati huohuo, 1974, Sumbawanga ikimegwa kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora.

Matokeo kwetu yalikuwa makubwa. Mfipa alikuwa na kilimo chake cha ntumba, vile vilima vya majani yaliyofukiwa udongo yaoze yawe mbolea, na alilima ulezi na maharage kwa chakula na pombe. Mahindi ya kuuza yalikuwa kidogo kwa sababu hayakulipa: nauli iliyala. Bei moja ilipokuja nauli ikatoweka machoni pake. Watu wakapanua mashamba, wakakokota magunia kwa mikokoteni ya ng'ombe mpaka kwenye ghala la NMC, wakapata bei ileile ya mtu wa karibu na Dar. Rukwa ikaingia kwenye kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ukiona leo nyumba za matofali ya kuchoma zilizozeeka huko vijijini kwetu, uliza zilijengwa lini.

Lakini nauli haikutoweka. Ilihamia kwa mtu mwingine. Tupige hesabu ya mfano, namba za kubuni tu ili tuelewane. Tuseme mahindi yanauzwa 100 mjini. Kuyatoa Sumbawanga ni 40, kuyatoa Morogoro ni 10. Serikali inasema wote walipwe 75. Gunia la Morogoro linaifikia NMC kwa 85, faida 15. Gunia la Sumbawanga linaifikia kwa 115, hasara 15. Kwenye karatasi faida ya moja inafuta hasara ya lingine, ndugu wa karibu anamchangia ndugu wa mbali, mambo safi. Ila mkulima wa Morogoro naye ana akili. Akiona 75 ya serikali na mlanguzi usiku anampa 85, anauza usiku. Kwa hiyo mahindi ya karibu yanakwenda kwa mlanguzi, na NMC inabaki na mahindi ya mbali, yale yanayoleta hasara kila gunia. Kadiri Ufipa ilivyozidi kujibu wito wa taifa, ndivyo shirika lilivyozidi kuzama. Juu yake weka sembe ya mjini ambayo bei yake ilishikiliwa chini kwa makusudi. Hasara juu ya hasara.

Nani alilipa? NMC ilikopa NBC. Msimu ukiisha deni halikwisha, likavuka mwaka, likapanda juu ya deni la mwaka uliotangulia, mpaka likaingia kwenye mabilioni ya shilingi. NBC ilikuwa benki ya serikali na haikuwa na ubavu wa kumwambia mteja wa serikali hapana. Mwisho wa mnyororo alikuwa benki kuu. Yaani noti. Yaani bei za sabuni, sukari na khanga kupanda kwa kila mtu, akiwemo Mfipa huyohuyo aliyelipwa vizuri kwa mahindi yake na sasa hana cha kununua dukani.

Jamal alilijua hili, hakuwa mtu wa kudanganywa na vitabu vya hesabu. Na hapa ndipo mimi nina ugomvi naye. Bei moja ilikuwa uamuzi wa kisiasa unaoweza kutetewa: nchi imeamua umbali wa Sumbawanga ni mzigo wa wote. Basi uweke Bungeni, kwenye bajeti, kwa mstari wake: nauli ya mikoa ya mbali, shilingi kadhaa, na itatoka kwenye kodi hii. Badala yake kwa miaka mingi ilifichwa kwenye ovadrafti ya shirika. Hakuna mbunge aliyeipigia kura. Hivyo ilipofika siku ya kuikata, ilikatwa kama upotevu wa shirika bovu, na hakuna aliyesimama kusema mnachokata ni haki ya mkulima wa Laela, kwa sababu haikuwahi kuandikwa popote kama haki. Watetezi wake watasema bajeti ya miaka ile ilikuwa haina nafasi, na kwamba waziri mmoja hawezi kupindua sera ya chama. Nayakubali yote mawili, na bado naona mtu mwenye uzito wake mbele ya Mwalimu angeweza kudai mstari huo.

Mwaka 1977 Nyerere alimpa Mtei Wizara ya Fedha, na Jamal akapelekwa Mawasiliano na Uchukuzi. Haikuwa likizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika mwaka huohuo na reli, bandari, posta na ndege zilizokuwa za pamoja ilibidi ziundwe upya kitaifa. Mwaka uliofuata vita vya Uganda vikaanza, vikameza fedha za kigeni ambazo tayari zilikuwa chache, huku mafuta yakipanda tena 1979. Mtei alikaa na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile la IMF, akaona hakuna njia isipokuwa kukubaliana nao, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi na kubana matumizi. Nyerere akakataa. Mtei akajiuzulu. Nyerere akamrudisha nani? Jamal.

Tunapenda kuigeuza habari hii kuwa tamthilia, Mtei mkweli na Jamal mtiifu, au kinyume chake kutegemea nani anasimulia. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Jamal naye alikwenda kuzungumza na Shirika hilohilo, na Septemba 1980 mkopo ulikubaliwa. Ulitakiwa utolewe kwa awamu kwa sharti kwamba serikali isikope benki kupita kiwango. Baada ya awamu ya kwanza tu kiwango kikapitwa, mkopo ukasimama. Ungetegemea nini, na nchi yenye NMC, vita vya kulipia na viwanda visivyo na malighafi?

Wiki chache tu baada ya mkopo kukubaliwa, Jamal aliketi Washington kama mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa magavana wa Shirika la Fedha na Benki ya Dunia, kwa sababu zamu ilikuwa ya Tanzania. Fikiria picha hiyo: waziri wa nchi ambayo haina dola za kununulia vipuri anaongoza kikao cha wenye fedha wote wa dunia. Kabla ya hapo alikuwa mjumbe wa ile tume ya Willy Brandt iliyochunguza uhusiano wa nchi tajiri na maskini, ambayo ripoti yake ilitoka 1980. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi kama yetu haikuvunjika kwa ulafi wake peke yake. Bei ya mafuta na mashine ilipangwa kwingine, bei ya kahawa na katani ilipangwa kwingine, na daktari anayekuja anaandika dawa moja kwa wagonjwa wote. Alikuwa sahihi kuhusu daktari. Kuhusu mgonjwa, alikuwa anajua ugonjwa kuliko alivyokuwa tayari kuusema hadharani, kwa maoni yangu.

Shilingi ilishushwa kidogo 1982, ikashushwa tena 1983, nusu nusu, wakati magendo mpakani yalikuwa yanatumia bei yake halisi. Wazee wa kwetu wanasimulia namna sabuni na nguo zilivyotoka Zambia kwa njia za panya na mahindi yakaenda kwa njia hizohizo. Mwaka 1983 Cleopa Msuya alishika Wizara ya Fedha. Ruzuku ya sembe ikaondolewa 1984. Uchaguzi wa 1985 Jamal hakuendelea na ubunge wa Morogoro, na Nyerere naye akang'atuka urais mwaka huohuo. Makubaliano makubwa na IMF yalifikiwa 1986 chini ya Rais Mwinyi, na dola ikaanza safari yake ambayo bado haijafika kituoni.

Jamal alikwenda Geneva kuiwakilisha nchi kwenye Umoja wa Mataifa na mazungumzo ya biashara ya dunia, akaendelea kubishana kwa upole na watu walewale. Jina lake halikuunganishwa na kashfa ya fedha, yeye aliyekaa mlangoni mwa kasha muda mrefu kuliko waziri mwingine yeyote wa Fedha wa nchi hii. Sisemi hili kumpamba. Wanachuo wenzangu tunaosoma uhasibu na fedha tunajua majaribu yalivyo, na hatujashika hata kasha la bweni.

Alifariki Vancouver, Kanada, Machi 1995, katika nchi ileile walikokimbilia wengi wa waliopoteza majumba 1971. Wakati huo bei moja ya mahindi ilikuwa imeshafutwa, NMC imebaki mifupa, na biashara ya nafaka iko mikononi mwa yeyote mwenye gari. Serikali ilibaki na hifadhi ya chakula, ambayo leo inanunua Sumbawanga kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na msimu wakala akichelewa kufungua mizani unaona magunia yamepangwa foleni na wenyewe wamelala juu yake. Lami ya kutoka Tunduma mwaka ule wa 1995 ilikuwa haijaanza hata kupimwa kwa kamba. Ilikuja kukamilika karibu miaka ishirini baadaye, na sehemu ya fedha zake ilikuwa msaada wa Marekani. Siku hizi Fuso linafika Sumbawanga bila kukwama, na mnunuzi bado anaanza hesabu yake kutoka mwisho.